Mwamba na Mawe ya Radio

Mlinzi wa mlangoni aliupekua mkoba wangu, akatoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga mezani kama mama wa genge: miwani, dawa za presha, leso, karanga za kukaanga kwenye kifuko cha nailoni, na kanga. Kanga ndiyo iliyomshinda. Aliikunjua, akayasoma maandishi yake bila kuelewa, akaigeuza upande wa pili, kisha akauliza kama hilo ni bango. Mabango yalikatazwa ndani kwa kuwa yanawaziba waliokaa nyuma.

Mjukuu wangu alikuwa anaviangalia viatu vyake.

"Ni nguo," alisema hatimaye. "Ya Bibi. Ya baridi."

Ndivyo nilivyoingia kwenye tamasha la roki kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mwaka 2023, nikiwa na miaka 58, goti moja bovu, na mjukuu wa miaka 14 aliyekuwa akiomba ardhi ipasuke immeze. Mkwe wangu ndiye aliyetuendesha saa tatu nzima mpaka pale. Ni mtu wa heshima zake. Alipofika mlangoni alisema, "Mama, mimi nitawasubiri kwenye mgahawa ule." Alisema eti ana kazi za kumalizia kwenye kompyuta. Nadhani hakutaka kuwa mahali ambapo angeweza kumwona mama mkwe wake akirukaruka.

Najua ninyi mnaosoma mna swali. Bibi wa Kilutheri kutoka Meru, anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama, anatafuta nini kwenye magitaa ya umeme? Nitawaambia, ila lazima nianzie mbali, kwenye radio ya baba yangu.

Mwaka 1984 nilikuwa na miaka 19. Baba alikuwa mwinjilisti, na nyumbani kwetu radio ilikuwa na ratiba kali kuliko shule. Ilifunguliwa kwa taarifa ya habari, matangazo ya vifo na ibada ya Jumapili. Bendi ya dansi ikianza tu, mkono wa Baba unaenda kwenye kitufe. Kwa hiyo mimi na ndugu zangu tulijua jinsi nyimbo za Mlimani Park na JUWATA Jazz zinavyoanza, lakini hatukujua hata mmoja unaishaje. Na msifikiri tungetazama televisheni badala yake. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994.

Shuleni kulikuwa na mwalimu wa hesabu wa kujitolea kutoka Marekani. Muda wake ulipokwisha aligawa vitu vyake: birika kwa huyu, blanketi kwa yule. Mimi, kwa sababu niliimba, alinipa kanda ya kaseti. Juu iliandikwa Petra, na jina la albamu ni "More Power to Ya", iliyotoka mwaka 1982. Kwa Kiswahili tungesema nguvu zaidi kwako.

Petra ni neno la Kigiriki, maana yake mwamba. Mnaomjua Mtume Petro mnalijua tayari, kwa sababu jina lake limetoka hukohuko. Na kwa Kiingereza neno la mwamba na jina la muziki huu wa magitaa ni lilelile moja, kwa hiyo vijana waliojiita Petra walikuwa wanacheza na maneno mara mbili. Sisi kwetu tungeweza kuongeza ya tatu, maana betri za radio wazee waliziita mawe. Na mawe ndiyo yaliyokuwa taabu yetu.

Hamjui shida ya betri ninyi. Miaka ile sukari foleni, sabuni foleni, na betri ukizipata unazitunza kama mayai. Zikianza kuchoka tulizianika juani kwenye bati, na kweli zilipata uhai kidogo, wa nusu saa hivi. Kanda hatukuirudisha nyuma kwa radio, tuliizungusha kwa kalamu ya Bic, maana kuzungusha kwa mota kunakula betri. Nami, kwa kuwa nilisikiliza kwa siri, nilitumia zile zilizokwisha kutupwa. Kanda iliyoitwa nguvu zaidi iliendeshwa na betri zisizo na nguvu hata kidogo.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hili litarudi mwishoni. Ndani ya radio kaseti kuna mota ndogo inayoivuta kanda ipite mbele ya kichwa kinachoisoma. Betri zikiwa nzima, kanda inakwenda kwa mwendo uleule iliorekodiwa. Betri zikilegea, mota inalegea, kanda inakokota. Mitikisiko ya sauti inatoka ikiwa imeachana, na sauti inashuka na kuwa nzito. Msichana anageuka mzee, na mwanamume mwenye sauti nyembamba anageuka jitu la kwenye hadithi. Mimi niliijua kanda yangu hivyo: polepole, nzito, sauti ya chini kabisa, sikio moja juu ya spika, blanketi kichwani.

Kulikuwa na sehemu moja iliyonitisha. Kabla ya wimbo unaoitwa "Judas' Kiss", mtu anasema maneno yasiyo ya lugha yoyote. Kama mtu anayeongea huku akimeza hewa. Wakati huohuo shuleni kwetu alipita mhubiri mgeni, akatuambia kwamba huko Ulaya na Marekani wanamuziki wa roki wanaficha maneno ya Shetani kwenye sahani za santuri, yakiwa yamegeuzwa kinyumenyume, yaingie akilini bila mtu kujua. Nilitoka pale miguu inatetemeka. Maneno ya kinyumenyume ninayo mimi, chini ya mto! Tangu siku hiyo nikifika sehemu ile nabonyeza kitufe cha kupeleka mbele, betri zife zikitaka kufa.

Siku Baba aliponikamata, betri zilikuwa zinakata roho. Alikuwa anapita dirishani akasikia jitu linanguruma chumbani kwa binti yake. Aliingia. Sikuwa na pa kuificha.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo alivyotuita mabinti zake, "hao wanaimba nini?"

Nilimtafsiria. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini nilijitahidi, mstari kwa mstari: habari za kuchoka na kutiwa nguvu tena, za kumfuata Yesu wakati watu wanakucheka. Alikaa kitandani akasikiliza, mikono magotini, mpaka kanda ikasimama yenyewe. Nikangoja aitoe aitie motoni.

"Maneno ni mazuri," alisema. "Ila mbona wamekasirika?"

Akatoka. Hakunikataza, wala hakuniruhusu. Swali hilo nimekaa nalo karibu miaka 40.

Acha niwape historia kidogo, maana Baba hakuwa peke yake, na hao waliopinga hawakuwa wazee wa Meru tu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Marekani vijana wengi wenye nywele ndefu na miguu peku walianza kuokoka, wakaingia makanisani na magitaa yao. Mmoja wao, Larry Norman, alitoa albamu mwaka 1969 iitwayo "Upon This Rock". Wengi huihesabu kati ya albamu za kwanza kabisa za roki ya Kikristo. Mwaka 1972 vijana kwa maelfu walikusanyika Dallas, Texas, kwenye mkutano ulioitwa Explo '72. Alihubiri Billy Graham, na kati ya walioimba alikuwemo Larry Norman huyohuyo. Mwaka huohuo, katika mji wa Fort Wayne, jimbo la Indiana, mpiga gitaa Bob Hartman na wenzake walianzisha Petra.

Makanisa mengi yaliwafungia milango. Mwaka 1987 mhubiri maarufu wa televisheni, Jimmy Swaggart, alitoa kitabu kizima kuipinga roki ya Kikristo, akiifananisha na mbwamwitu aliyevaa ngozi ya kondoo. Na wanamuziki nao hawakusaidia sana kutuliza wazee. Kulikuwa na bendi ya California iitwayo Stryper ambayo wanaume wake walivaa nguo za kubana zenye milia ya njano na nyeusi, kama nyigu, nywele zimetimka, halafu katikati ya wimbo wanawarushia watazamaji Agano Jipya. Hebu mfikirieni Baba yangu mbele ya jambo hilo.

Lakini sisi pia tunayo historia yetu ya namna hiyo. Wamisionari wa Kijerumani waliotuletea tarumbeta za kanisani, hizi zinazopigwa Pasaka alfajiri hata mbwa wa kijiji kizima wakaitikia, ndio hao walioikataa ngoma isikaribie madhabahu. Tarumbeta takatifu, ngoma ya kipagani. Huko Kongo, Kamina, padri Mbelgiji Guido Haazen alipowaachia vijana wake waimbe misa kwa ngoma na sauti zao wenyewe mwaka 1958, ile inayoitwa Missa Luba, ilikuwa habari ya kusimuliwa duniani. Leo ngoma iko kila kanisa, na kwaya isiyo na gitaa la besi na kinanda cha umeme tunaiona ni maskini.

Sisemi wazee walikuwa wajinga. Mtu ambaye jana aliisikia ngoma ileile kwenye tambiko, leo ukimpigia ibadani, miguu yake inakumbuka ya jana. Baba aliyajua hayo kuliko mimi. Na tuseme ukweli, roki ya Kikristo si yote nzuri. Kuna nyimbo ambazo ni hotuba iliyofungwa nyuzi za gitaa, na kuna wapigaji ambao kama si jina la Yesu wasingepata wa kuwasikiliza. Mimi nimeimba kwaya miaka mingi, nazijua na za upande wetu za namna hiyo.

Kanda yangu ilikatika nikiwa tayari nina mtoto mmoja. Niliiunga kwa gundi ya karatasi, ikakatika tena. Baba akafariki, nikastaafu ualimu, intaneti ikaja mpaka mkononi, nami sikuitafuta. Nilikwisha kuzoea kuisikiliza kichwani.

Halafu binti yangu akajifungua tena, nikapanda ndege kwenda Indiana kumsaidia kulea. Kazi ya bibi mnaijua: kukanda mama, kuogesha mtoto, kupika mtori. Siku moja namwogesha kichanga naimba zangu chinichini, mjukuu mkubwa akasimama mlangoni.

"Bibi, hiyo ni kwaya gani?"

"Si kwaya, mume wangu. Ni Petra."

Kule hakuzoea utani wetu, kila nikimwita mume wangu anakunja uso. Lakini aliandika jina kwenye simu. Akaniambia bendi ilistaafu mwaka 2005. Nikasema basi, nao wamezeeka. Akaendelea kusogeza kidole. "Wamerudi," akasema. "Wanazunguka, wanaadhimisha miaka 50." Akataka kunichezea wimbo palepale. Nikamshika kwa mkono wenye sabuni.

"Usinichezee. Nataka niusikie kwao."

Basi sasa tuko ndani ya ukumbi, karanga zimeruhusiwa, kanga nayo.

Cha kwanza nilichogundua ni kwamba mimi ni kijana. Vichwa vyeupe kila upande! Watu wenye mikongojo, watu wenye vitambi, mwanamume mmoja kwenye kiti cha magurudumu aliyevaa fulana ya Petra iliyochakaa mpaka maandishi yamebaki vumbi. Nilikuja nikiogopa kuchekwa na vijana, na kijana alikuwa mmoja tu, naye nilikuja naye.

Kando ya mlango palikuwa na bakuli la vipande vya sponji vya rangi ya chungwa. Nikadhani peremende. Mama mmoja mwenye nywele nyeupe, aliyenizidi umri, akanionyesha: unaviringisha kipande kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, unapitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa na kuvuta sikio juu, unakiingiza, unakishikilia kwa kidole mpaka kivimbe. Ni viziba masikio. Mjukuu wangu alikataa, eti vinaaibisha. Hapo nikawa mwalimu tena.

Nikamwambia, na ninyi nawaambia: sauti hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanasema sikio linastahimili desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Ukipanda desibeli 3 tu, muda unakatika nusu. Fanyeni hesabu wenyewe. Kwenye 88 una saa 4, kwenye 91 saa 2, kwenye 94 saa 1, na mkifika 100 mmebakiwa na dakika 15. Tamasha la roki linafika 100 bila hata kutoka jasho. Ndani kabisa ya sikio mna vijinywele vidogo sana vinavyopokea mitikisiko na kuipeleka kwenye ubongo, na kwa binadamu vikifa havioti tena. Si kama nyasi. Alivaa.

Taa zikazimika. Mtu akapiga gitaa mara moja, uzi mmoja.

Sikusikia kwanza. Nilipigwa. Besi iliingia kifuani, ikautikisa mfupa wa katikati, nikashika kifua nikadhani ni presha. Miaka yote hiyo niliujua muziki huu kwa ukubwa wa kiganja, ukubwa wa kispika cha radio kilichopasuka karatasi. Hakuna aliyeniambia kwamba ni mkubwa kiasi cha kumsukuma mtu.

Gitaa la umeme lenyewe halina sauti. Ukilipiga bila kulichomeka ni kama mtu anayekuna chungu. Chini ya nyuzi zake za chuma kuna sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Uzi ukitikisika juu ya sumaku unazalisha umeme kidogo mno ndani ya waya ule. Umeme huo unakwenda kwenye amplifaya, unakuzwa, unatoka kwenye spika. Na ule mkwaruzo, ule ukali ambao Baba aliuita hasira, unapatikana kwa kuilazimisha amplifaya itoe zaidi ya uwezo wake. Mawimbi ya sauti yanafika kwenye dari, yanagonga, vichwa vyake vinakatika. Mmewahi kusikia gari la matangazo mtaani, mtangazaji anapayuka mpaka spika inakoroma? Ni jambo lilelile, ila huku wanalifanya makusudi, kwa kipimo, kama mpishi anavyounguza kitunguu cha pilau makusudi, na akizidisha kidogo sufuria zima linaharibika.

Watu wote walisimama, nami nikasimama, goti likanung'unika likanyamaza. Mwimbaji akatokea. John Schlitt, amezaliwa mwaka 1950, mfupi, mwembamba, anatembea jukwaa zima kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Alipofungua kinywa nikamgeukia mjukuu.

"Huyu siye!"

Kumbe sauti ya kwenye kanda yangu ni ya mwimbaji mwingine, Greg X. Volz, aliyeondoka miaka ile ile ya themanini. Schlitt alichukua nafasi yake mwaka 1986. Kabla ya hapo aliimba kwenye bendi nyingine ya roki, Head East, akapotelea kwenye kokeini, akaondolewa kwenye bendi, kisha akaokoka. Mwenyewe huyasimulia hadharani. Kwa hiyo nilimlilia mtu mmoja kwa miaka karibu 40, nikasafiri saa tatu, nikakutana na mwingine. Nilinuna kwa nyimbo mbili nzima. Wimbo wa tatu nikamsamehe, kwa sababu ya uso wake.

Alikuwa anacheka. Mpiga gitaa anacheka, mpiga ngoma anacheka huku jasho linamchuruzika, wanatupiana macho kama wavulana walioiba maembe wakafaulu kuruka ukuta. Radio haina uso, wanangu. Baba alihukumu kwa sauti peke yake, tena sauti ya betri zinazokufa. Nilitamani niwe nimemshika mkono pale, na suti yake ya ibada, na viziba masikio vya rangi ya chungwa, nimwambie, Baba, tazama, hawajakasirika.

Halafu wakapiga wimbo wangu. Siutaji, ni wangu. Nilipoutambua sikupiga makofi wala sikupiga kelele kama Wamarekani. Ulimi ulijua wenyewe la kufanya. Nilipiga vigelegele.

Kigelegele cha Meru hakihitaji amplifaya. Safu tatu za mbele ziligeuka. Mlinzi aligeuka. Mjukuu wangu alijikunja kwenye kiti, akajifunika kanga yangu kichwani, naam, ile aliyoionea haya mlangoni. Yule mama wa nywele nyeupe alinitazama, mdomo wazi, kisha akaniwekea mdomo sikioni, akapaza sauti ili ipenye kwenye sponji:

"Fanya tena!"

Nilifanya tena. Alijaribu naye, ikatoka kama kuku aliyekanyagwa. Tukacheka mpaka tukashikana mabega, watu wazima, wageni kabisa, hata majina hatukuulizana. Kufikia ubeti wa mwisho safu nzima ilikuwa inajaribu. Nasema hivi bila kujisifu: hakuna aliyeweza.

Ila kitu kimoja kilinisumbua. Wimbo ulikuwa unakimbia. Nilipotaka kuvuta neno kama nilivyozoea, wao walishaliacha, wako mstari wa mbele. Nikasema moyoni, wazee hawa wana haraka ya kwenda kulala.

Kwenye gari, usiku, mkwe wangu aliuliza kwa adabu, "Mama, ilikuwaje?" Nikasema nzuri, baba. Hakuuliza zaidi. Masikio yangu yalikuwa salama, ila goti lilikuwa linadai haki zake. Mjukuu alikaa nyuma na mimi, simu inamulika uso wake.

"Bibi, ile sehemu uliyoniambia ulikuwa unaiogopa. Ya kinyumenyume. Nimeipata."

Nikamwambia aache, ni usiku. Lakini watoto hawa hawana hofu. Alikuwa na programu inayogeuza sauti. Akabonyeza, akanisogezea sikioni. Neno lililonitesa tangu nikiwa na miaka 19 lilichukua sekunde chache kufunguka: sauti ya mwanamume, Kiingereza safi kabisa, inauliza kwa nini unahangaika kumtafuta Shetani wakati ungepaswa kumtafuta Bwana.

Basi. Ndicho kilichokuwemo. Walikuwa wanawatania walewale waliowasingizia, na mimi kule Meru nilimaliza betri za watu kuukimbia utani.

Nilicheka mpaka mkwe akapunguza mwendo akidhani nimepatwa na kitu.

"Sasa nikuchezee wimbo wako?" mjukuu akauliza. "Wenyewe, ule wa kwenye kanda?"

Nikamruhusu. Sauti ya Volz ikaingia garini, nyembamba, ya juu kuliko nilivyoikumbuka. Na wimbo ulikimbia vilevile kama ukumbini.

"Na wewe umeuharakisha," nikasema.

"Hapana, Bibi. Ndivyo ulivyo."

Nikatazama nje dirishani, mashamba ya mahindi yanapita gizani, mahindi kama ya kwetu. Ilinichukua muda. Wazee wale hawakuwa na haraka yoyote. Zilikuwa betri zangu.

"Punguza sauti," nikamwambia.

Akapunguza.

"Bado. Zaidi."

Akapunguza mpaka kelele za matairi zikaanza kuushinda wimbo.

"Hiyo simu yako inaweza kuufanya uende polepole?"

Akagusa kioo. Wimbo ukalegea kidogo. Volz akashuka, akawa mzito, akaanza kuwa mtu ninayemjua.

"Kidogo tena," nikasema, nikajifunika kanga kichwani, nikaegemeza sikio kwenye simu. "Kidogo tena. Haya, hapohapo."